Ushahidi wa Kijana juu ya Nafsi Yake: Historia ya Kupima Uwezo wa Kujiongoza katika Ng'ambo ya Unguja

Uwezo tendaji wa akili ni jina ambalo wanasaikolojia wamelipa kundi la nguvu zinazomwezesha mtu kuyaongoza mawazo na matendo yake kuelekea lengo alilolikusudia: kujizuia asifanye lile la kwanza linalomjia, kulishika jambo akilini huku akilifanyia kazi, kuiacha njia moja na kushika nyingine hali inapobadilika, na kupanga kazi kabla ya kuianza. Nguvu hizi huchipuka utotoni, lakini hukua kwa kasi isiyo sawa katika miaka ya balehe, na ndiyo maana tangu mwanzoni mwa karne hii zimetungwa hojaji zinazomtaka kijana mwenyewe aeleze, kwa kutia alama kwenye karatasi, ni mara ngapi husahau alilotumwa, huwakatiza wenzake maneno au huacha kazi njiani. Swali lenyewe, yaani kama kijana huyu amekwisha kuweza kujiongoza, si geni hata kidogo katika mtaa wa Jang'ombe na mitaa jirani ya Unguja mjini. Kilicho kigeni ni kumfanya kijana kuwa shahidi wa kwanza, na pengine wa pekee, juu ya nafsi yake, na ugeni huo hauwezi kueleweka pasipo kujua ni nani waliokuwa wakitoa ushahidi huo zamani.

Jang'ombe iko kusini-mashariki mwa Mji Mkongwe, ndani ya Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji wa mawe na ardhi ya nyuma yake kabla ya kufukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria Aprili 1897, Ng'ambo iliwapokea watu wengi waliotoka mashambani, wakachanganyika na Wangazija, Washihiri, watu wa bara na wenyeji wa vijiji vya Unguja, na kufikia 1928 wakazi wake walikuwa na umoja wa kutosha kugoma kulipa kodi ya viwanja vilivyosimama nyumba zao. Katika nyumba za udongo na makuti zilizokaribiana, baraza zikitazamana, mtoto hakuwa wa nyumba moja, kwa kuwa mtu mzima yeyote aliweza kumtuma, kumkanya au kumrudisha kwa wazazi wake, na mwenendo wake ulikuwa umejulikana mtaa mzima muda mrefu kabla hajafika umri wa kuulizwa lolote. Desturi za kupima busara ya vijana zilizoota hapo zilitegemea hali hii ya kuonekana kila siku, na zisingewezekana katika mji ambao majirani hawajuani.

Kipimo cha zamani zaidi kilichoandikwa na kutumika Unguja kilitoka katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu. Aya ya 6 ya Sura ya An-Nisaa inawaamuru wasimamizi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, na wawakabidhi mali zao pale watakapoiona kwao rushdi, yaani uwekevu na busara ya kuendesha mambo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Unguja, walijenga juu ya msingi huo hukumu mbili zilizotenganishwa kwa makini. Ya kwanza ni kubaleghe, ambako huthibiti kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo au kwa dalili za mwili kabla ya hapo. Ya pili ni rushdi, ambayo haiji yenyewe pamoja na sauti nzito wala pamoja na hedhi, na aliyebaleghe bila ya kuwa nayo huendelea kuzuiliwa mali yake hata akiota mvi. Abu Hanifa, ambaye madhehebu yake hayana wafuasi wengi katika pwani hii, aliweka kikomo kwa kusema kwamba akifika miaka 25 mtu apewe mali yake vyovyote alivyo. Uchunguzi wa ubongo kwa picha, ulioshika kasi katika miaka ya 1990, umeonyesha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo uwezo tendaji huitegemea sana, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Si halali kuwageuza mafakihi kuwa wanasayansi wa ubongo kwa sababu namba zimekaribiana, lakini ni haki yao kusemwa kwamba walijua, kwa kuwatazama watu tu, kuwa mwili na busara havipevuki siku moja.

Namna ya kufanya jaribio hilo imeelezwa katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha Yahya bin Sharaf al-Nawawi wa Sham aliyefariki 1277, ambacho kilisomeshwa na wanavyuoni wa Unguja na kutegemewa na makadhi wake, na ambacho tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na E. C. Howard kutoka katika Kifaransa cha van den Berg na kuchapishwa London 1914, iliingia pia katika mahakama za Waingereza baada ya visiwa kuwa chini ya himaya yao tangu 1890. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba kila mmoja ajaribiwe kwa mujibu wa hali yake: mwana wa mfanyabiashara kwa kuuza, kununua na kupatana bei, mwana wa mkulima kwa shughuli za shamba na kwa matumizi ya fedha za vibarua, mwana wa fundi kwa ufundi wa baba yake, na msichana kwa kazi ya uzi na pamba na kwa kukihifadhi chakula kisiliwe na paka. Kanuni ya pili ni kwamba jaribio lirudiwe, mara mbili au zaidi, kwa sababu aliyefanya vizuri mara moja huenda kabahatisha. Kanuni ya tatu inahusu wakati, na kauli yenye nguvu ni kwamba mtoto ajaribiwe kabla ya kubaleghe, ili siku ya kubaleghe isimkute msimamizi wake hajui la kufanya.

Hapo palizuka tatizo ambalo mafakihi walilitatua kwa ustadi unaostahili kutazamwa kwa karibu. Mtoto ambaye hajabaleghe hawezi kufunga mkataba wa biashara ulio halali, basi vipi atajaribiwa sokoni? Jibu lililopewa nguvu ni kwamba apewe nafasi ya kupatana bei mwenyewe mpaka mwisho, na inapofikia kuufunga mkataba msimamizi wake ndiye aufunge. Katika mji wenye soko kama la Darajani, lililofunguliwa 1904 pembezoni mwa Ng'ambo, si vigumu kuliona jambo hilo kwa macho ya akili: kijana amesimama mbele ya meza ya samaki, anaulizia bei, anapunguziwa kidogo, anatulia, anajifanya kuondoka, anaitwa tena, na mjomba wake aliyesimama nyuma hasemi neno mpaka bei isimame, ndipo anapotoa fedha. Ndani ya kitendo hicho kifupi mna kujizuia, mna kukumbuka bei ya meza ya kwanza wakati wa kusikiliza bei ya meza ya pili, na mna kubadilisha mbinu pale muuzaji anapokaza, na hayo matatu ndiyo yaliyotajwa na Akira Miyake na wenzake mwaka 2000, katika utafiti unaorejewa mno hadi leo, kuwa sehemu kuu za uwezo tendaji wa akili.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba sheria hiyo haikumpa kijana nafasi yoyote ya kujisemea. Katika mlango unaohusu ukiri, yaani maneno ambayo mtu husema juu ya nafsi yake na yakamfunga, kitabu hichohicho kinahukumu kwamba kijana akidai amebaleghe kwa kuota ndoto, na umri wake unaruhusu, anasadikiwa wala halishwi kiapo, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye kulijua jambo hilo, lakini akidai amebaleghe kwa kutimiza miaka, anatakiwa alete ushahidi, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa inajulikana na wengine. Mgawanyo huu ni mzito kuliko unavyoonekana. Unasema kwamba neno la kijana ni hoja kamili katika lile lililofichika ndani yake, na si hoja ya kutosha katika lile linaloweza kuonwa na watu, na kwa hiyo hauulizi kama vijana ni wakweli au waongo, bali unauliza ni jambo gani linaloulizwa na nani yuko mahali pa kulijua. Watunzi wa hojaji za kisasa wamechukua miongo mingi kufika karibu na hapo.

Nje ya vitabu, Ng'ambo ilikuwa na wapimaji wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, alieleza kwa kirefu jando la wavulana na unyago wa wasichana, pamoja na nafasi ya kungwi anayemlea mwari katika siku hizo. Unguja, mwanamke anayemfunda msichana huitwa pia somo, na kazi yake haikwisha ngoma ilipokwisha, kwa kuwa aliendelea kuwa mshauri wa mwari wake katika ndoa, uzazi na ugomvi. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha kwamba katika miongo iliyofuata kufutwa kwa utumwa, unyago uliwaunganisha wanawake wa Ng'ambo wenye asili mbalimbali, ukawa mahali ambapo waliotoka mbali walifanywa kuwa wa mji. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude na kufariki 17 Aprili 2013, alisifika duniani kwa taarabu, lakini mjini kwake aliheshimiwa pia kwa kuongoza unyago, na wapo wanawake wengi waliofundwa kwa ngoma yake.

Mwari hakuulizwa kama anajiona ni mvumilivu. Aliwekwa ndani, akaimbiwa mafumbo ambayo maana yake ilimpasa aikamate na aishike, akatakiwa kunyamaza pale ambapo angependa kujibu, na somo akatazama. Kipimo kilikuwa kikali na wakati mwingine kilikuwa na ukatili ndani yake, nao wasichana waliokihofia hawakuwa na pa kusemea, jambo ambalo wanaousifu unyago leo hulipita haraka mno. Jando la mjini lilififia mapema zaidi, kwa sababu tohara ilihamia hospitali na kushuka hadi umri wa utoto, na wavulana wakapoteza ile nafasi ya kukaa kumbini pamoja na watu wazima ambao kazi yao ilikuwa kuwafunda na kuwatazama.

Vipimo viwili vilivyobaki kwa wote ni kutumwa na kufunga. Mtoto aliyetumwa dukani na kuambiwa anunue hiki, akikikosa achukue kile, asipite kwa fulani, na arudi na chenji, alikuwa akipimwa bila ya kujua. Robert Serpell, aliyefanya utafiti wake katika wilaya ya Katete mashariki mwa Zambia, alilifanya jambo hili kuwa njia ya kisayansi pale alipowauliza watu wazima ni mtoto yupi wangemchagua kumtuma katika jambo muhimu na kwa nini, na katika kitabu chake cha 1993 alionyesha kwamba majibu yao yalitegemea hukumu juu ya uwajibikaji ambayo majaribio ya skuli hayakuwa yakiigusa. Kufunga Ramadhani kuna sura nyingine. Mtoto huanza kwa kufunga mpaka adhuhuri, mwaka unaofuata akasogea mpaka alasiri, mpaka siku moja anaifikisha magharibi, na katika safari hiyo yote hakuna awezaye kuhakikisha kwamba hakunywa maji alipoingia chooni. Anaulizwa kama amefunga, anajibu, na jibu lake linachukuliwa. Hii ni hojaji ya swali moja ambayo kila kizazi cha Jang'ombe kimeijibu, nayo inafuata ule mgawanyo wa mafakihi, kwani kilichofichika huachiwa mwenyewe.

Sayansi ya upimaji iliingia Afrika Mashariki kwa mlango mwingine kabisa. R. A. C. Oliver, aliyefanya kazi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1932 jaribio la akili lililotungwa kwa ajili ya Waafrika, na mjadala uliozuka Nairobi katika miaka hiyo ulihusu zaidi kulinganisha mbari kuliko kumsaidia mtoto yeyote kujifunza. Lililo baya zaidi lilihusu uwezo tendaji wenyewe, ingawa haukuwa bado umepewa jina hilo. Mwaka 1951 J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika makala juu ya kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo wa Mwafrika, akadai kuwa mwenendo wa Mwafrika unafanana mno na wa Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kuzikata nyuzi zinazoiunganisha sehemu hiyo na ubongo uliobaki. Dai hilo lilipewa heshima ya kuingia katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na Frantz Fanon alilishambulia waziwazi katika kitabu chake cha mwisho mwaka 1961. Lilikuwa uongo uliovikwa joho la tiba, na kasoro yake ya kimsingi ni ileile ambayo fakihi wa karne ya 13 angeitambua mara moja: watu walihukumiwa kukosa busara bila ya kujaribiwa katika shughuli za hali yao, na bila ya kuulizwa wao wenyewe lolote. Hojaji yoyote inayokuja leo kupima kujizuia na kupanga kwa vijana wa Kiafrika inapita katika njia ambayo Carothers aliwahi kuipita, na mtafiti asiyeijua historia hiyo hawezi kufahamu kwa nini baadhi ya wazazi humtazama kwa shaka.

Mmoja wa waanzilishi wa elimu ya sehemu ya mbele ya ubongo, Mrusi Alexander Luria, alikuwa amekutana na tatizo la kujieleza mapema zaidi, katika safari zake za Uzbekistan za 1931 na 1932, ambazo matokeo yake hayakuchapishwa kwa ukamilifu mpaka 1974. Aliwauliza wakulima wasiosoma, Waislamu wa vijijini, wao ni watu wa namna gani na wana kasoro zipi. Wengi walijibu kwa kutaja hali zao za maisha, upungufu wa nguo au wa ngano, na wengine walimwambia kwamba mtu hawezi kuusema moyo wake mwenyewe, basi awaulize majirani. Luria aliona katika majibu hayo upungufu wa kujitambua ambao elimu na kazi za ushirika zingeuponya. Mtu aliyekulia Ng'ambo angeweza kuyasoma majibu hayohayo akaona ndani yake adabu, kwa sababu katika jamii ambayo sifa ya mtu hutolewa na wengine, anayejisifu hujishusha na anayejilaumu mbele ya mgeni huidhalilisha nyumba yake.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Abeid Amani Karume ilitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba mwaka huohuo, na skuli za Ng'ambo zikajaa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kukaa darasani. Kwa miongo iliyofuata, kipimo kikuu cha kijana kilikuwa mtihani wa taifa, ambao hupima kilichokumbukwa na hausemi chochote juu ya namna mwanafunzi alivyojiongoza mpaka akakikumbuka. Utafiti wa aina nyingine ulifika visiwani kwa njia ya afya. Rebecca Stoltzfus na wenzake, katika makala yao ya 2001 juu ya watoto wadogo 614 wa Pemba waliopewa madini ya chuma na dawa za minyoo, walipima ukuaji wa lugha na wa viungo kwa kuwauliza wazazi mtoto anaweza kufanya nini, wakakuta kwamba madini hayo yaliinua lugha. Shahidi hapo alikuwa mzazi, kama ilivyokuwa desturi. Vijana wenyewe walisikika kwa wingi zaidi katika uchunguzi wa kitaifa wa 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, ambao uliihusisha Zanzibar, uliwahoji watu wa umri wa miaka 13 hadi 24, na ripoti yake ilitoka 2011. Yaliyofichuliwa na vijana hao yalikuwa mambo ambayo mtaa, pamoja na macho yake yote, ulikuwa haukuyaona au uliyaona ukanyamaza, na hakuna hoja ya kuwatetea mashahidi wa zamani inayoweza kupita bila ya kulijibu hilo.

Hojaji inayotajwa mara nyingi zaidi katika fani ya uwezo tendaji ilitungwa Marekani na Gerard Gioia, Peter Isquith, Steven Guy na Lauren Kenworthy, ikachapishwa mwaka 2000 ikiwa na fomu mbili, moja ya mzazi na nyingine ya mwalimu. Fomu ya kijana mwenyewe, yenye sentensi 80 kwa ajili ya umri wa miaka 11 hadi 18, ilifuata mwaka 2004. Kila sentensi hueleza tatizo fulani, na kijana huchagua kama kwake halitokei kamwe, hutokea wakati mwingine au hutokea mara nyingi, akizingatia miezi 6 iliyopita, kisha alama zake hulinganishwa na za vijana wa rika lake waliopimwa wakati chombo kilipotengenezwa. Iko pia hojaji fupi ya Robert Goodman wa London, ya 1997, yenye sentensi 25, ambayo ina toleo la kijana mwenyewe na imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na ambayo sehemu yake ndogo hugusa utulivu, umakini na kufikiri kabla ya kutenda.

Watunzi hawakuwa wajinga wa udhaifu wa ushahidi wa nafsi. Ndani ya hojaji ya Gioia na wenzake zimefichwa jozi za sentensi zinazouliza jambo moja kwa maneno tofauti ili kumgundua anayejaza bila ya kusoma, na kuna hesabu nyingine ya kumgundua anayejipaka ubaya kupita kiasi. Hata hivyo, mwaka 1987 Thomas Achenbach na wenzake, wakikusanya tafiti 119 za matatizo ya kitabia, walionyesha kwamba maneno ya kijana na maneno ya watu wazima wanaomjua hulingana kwa kiasi cha 0.22 tu, katika kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kulingana kikamilifu. Mwaka 2013 Maggie Toplak, Richard West na Keith Stanovich walizikusanya tafiti 20 zilizotumia hojaji za uwezo tendaji pamoja na majaribio ya vitendo ya maabara, wakakuta uhusiano wa kati ni 0.19, wakahitimisha kwamba vyombo hivyo viwili havipimi kitu kimoja. Jaribio la maabara huuliza kijana anaweza kufanya nini pale anapokaa kwenye chumba kimya na mtu amempangia kazi, na hojaji huuliza anafanya nini kwa kawaida pale ambapo hakuna aliyempangia.

Matokeo hayo yaliwahuzunisha wengi waliotarajia kipimo kimoja cha kweli, na mtu aliyezoea ule mgawanyo wa mafakihi kati ya kilichofichika na kinachoonekana hana sababu ya kuhuzunika. Katika hojaji moja mna sentensi zinazohusu kilichofichika, kama vile mawazo kurukaruka wakati wa kusoma au moyo kushindwa kutulia baada ya kukasirishwa, na humo kijana ndiye shahidi bora na wakati mwingine shahidi wa pekee. Mna pia sentensi zinazohusu kinachoonekana, kama kupoteza vitu, kukatiza maneno, kuchelewa na kuacha chumba ovyo, na humo mama, mwalimu wa chuoni na rafiki wa maskani wanajua sawa na yeye au zaidi yake. Kujumlisha alama za aina zote mbili kuwa namba moja, kisha kuiita namba hiyo uwezo wa kijana, ni kuchanganya ndoto na tarehe ya kuzaliwa. Inafaa zaidi kila aina isomwe peke yake, na pale kijana na mama wanapotofautiana juu ya linaloonekana, tofauti hiyo iandikwe kama habari kamili badala ya kufutwa kwa kutafuta wastani.

Mazingira ya kujaza karatasi nayo huingia katika majibu. Mwanafunzi anayekaa darasa moja na mwalimu aliyeshika bakora hawezi kutazamiwa kukiri kwamba husahau kazi za nyumbani, hata akiahidiwa siri. Miezi 6 iliyopita ikiwa imebeba mwezi wa Ramadhani, ambamo saa za kulala, kula na kusoma hugeuka zote, jibu lake litakuwa mchanganyiko wa maisha mawili. Kidongo Chekundu, yenye hospitali ya wagonjwa wa akili, iko jirani kabisa na Jang'ombe, na karatasi inayouliza habari za akili huweza kueleweka mtaani kuwa ni ya kutafuta wagonjwa, mpaka mgawaji wake aeleze kwa utulivu, mbele ya wazazi na ikiwezekana mbele ya sheha, kwamba anauliza habari za afya na za kujifunza.

Kazi ya kuzipima hojaji zenyewe imeanza katika pwani hii, na kitovu chake ni Kilifi nchini Kenya, ambako kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI kimekuwapo tangu 1989 na ambako Penny Holding, Amina Abubakar na wenzao wametunga na kurekebisha vipimo vya watoto kwa lugha za wenyeji. Mwaka 2019 Moses Nyongesa, Abubakar na wengine walichapisha mapitio ya vipimo vya uwezo tendaji kwa vijana, yaliyoonyesha kwamba vingi vimetumika zaidi katika nchi tajiri, na kwamba uthabiti wake, yaani kutoa jibu lilelile vinaporudiwa, na uhalali wake, yaani kupima kile kinachodaiwa kupimwa, havijathibitishwa vya kutosha kwingineko. Kijana wa Jang'ombe anayelinganishwa na jedwali la vijana wa Marekani analinganishwa na watu wasiowahi kutumwa kwa namna alivyotumwa yeye wala kufunga kwa namna alivyofunga.

Viwango vya Unguja vikija kutengenezwa, itabidi vimhesabu mwanafunzi wa Jang'ombe mwenye daftari na ratiba, na vimhesabu pia mwenzake aliyeacha skuli akawa konda wa daladala, ambaye katika safari moja ya kutoka Darajani hushika akilini nani amelipa, nani anadai chenji, nani atashuka wapi, na huku mlango uko wazi na dereva anapiga kelele. Maswali mengi ya hojaji zilizopo yanamchukulia kijana kuwa ni mwanafunzi, na konda huyo akipewa karatasi hiyo leo atalazimika kuacha mistari mingi bila ya alama, ingawa uwezo unaotafutwa na karatasi hiyo ndio anaoutumia kutwa nzima.